Reli ya Kigoma iliishi kwa mizigo ya nani?

Vijana wenzetu, hapa kambini tumezoea kusikia kwamba sisi ni mzigo. Basi leo tuangalie historia ya mizigo yenyewe, ile inayopita stesheni ya Kigoma.

Wajerumani walifikisha reli Kigoma mwaka 1914, kilomita kama 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kati ya mizigo ya mwanzo kulikuwa na meli nzima! Iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaja kwa treni na kuungwa upya ziwani. Ndiyo hii MV Liemba, iliyowabeba ndugu zetu Warundi kutoka Kagunga mwaka 2015.

Lakini mji mdogo vile ungejazaje mabehewa? Wenyeji walikuwa na mawese na dagaa. Uvinza, kwenye reli hiyo hiyo, kulikuwa na chumvi iliyochemshwa na kuuzwa mbali karne nyingi kabla ya treni. Mteja mkubwa, kumbe, alikuwa ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilifunga mkataba: Ubelgiji ikapewa eneo la bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, mizigo ya Congo na Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Baada ya uhuru Nyerere aliukataa mkataba huo wa milele wa wakoloni, ila mizigo haikukoma. Kahawa ya Burundi ilishuka Kigoma kwa meli, ikapanda treni. Mafuta na bidhaa za dukani zikaenda upande wa pili.

Halafu vita. Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, hadi 1999, biashara ikabanwa. Mwaka huo huo 1996 vita vya Congo vilituleta Nyarugusu. Ndipo reli ikabeba mzigo mwingine: chakula cha wakimbizi. Kutoka Dar kwa treni, kisha malori mpaka kambini.

Hatusemi hivi kujisifu. Chakula cha msaada siyo biashara ya kudumu, na behewa la kahawa ni heri kuliko behewa la mgao. Ila historia inaonyesha Kigoma na watu wa ng'ambo wamelishana muda mrefu, tangu kabla ya kambi.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi gatini Kalemie, Uvira, Rumonge au Bujumbura, mwulize alipakia nini na kilikuwa cha nani. Tuandikieni majibu hapa, wazee wangali nasi.