Safari ya Soroti
Singida, mji uliokaa baina ya maziwa ya Singidani na Kindai, ambayo rubani huyaona mapema kutoka angani, haukuwa na skuli ya urubani; basi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoasisi chuo cha Soroti, Uganda, mwaka 1971, ambao kwa sudi mbaya ndio mwaka Idi Amin alipotwaa serikali, kijana wa Kinyaturu wa huko Singida mwenye azma ya urubani ilimlazimu kufarikiana na jamaa zake. Wenzake wa masomo mengine wakikesha harusini, yeye hana budi kulala mapema, kwani kanuni za anga hazisamehe ulevi wala uchovu. Taklifu nzito, nadhani, kwa umri ule. Mwaka 1977 shirika la ndege la Jumuiya likafa, nayo Serikali ya Tanzania, mwezi wa Machi, ikaunda Air Tanzania.