Kufuli Tatu na Simu Moja

Ndugu msomaji, mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani Endasak, wilaya ya Hanang. Mchana nalima mbaazi na alizeti, usiku naandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Lakini mwaka huu nimetengeneza programu ya simu, ya kwanza maishani mwangu. Katika kuitengeneza nilijikwaa kwenye kisiki ambacho nchi yetu ilikwishajikwaa kabla mimi sijazaliwa.

Chanzo ni kikoba cha mama. Kina mama wale wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo. Mtindo huu wa kuweka na kukopa una asili yake Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini. Toka huko ukasambaa nchi nyingi za Afrika mpaka ukatufikia. Hauhitaji benki wala umeme. Unahitaji sanduku, daftari, na macho ya watu.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu za Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Baada ya msiba ule mama alikuwa akilirudia swali moja: "Daftari letu likisombwa, nani atajua nani ana hisa ngapi?" Siku moja nikadakia, eti mimi nitaliweka daftari kwenye simu. Mama akanitazama tu.

Niliwezaje kusema hivyo na sijui hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta? Nilikuwa nimesikia habari za akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotoka Marekani Novemba 2022, mtu yeyote mwenye bando anaweza kuiambia mashine anachotaka, nayo ikamwandikia maelekezo ya programu. Basi nikaiandikia kwa Kiswahili: nataka ukurasa wenye majina ya wanachama, hisa zao, mikopo na riba. Haikupita dakika ikanitemea mistari mingi nisiyoielewa. Nikainakili kwenye faili, nikafungua. Ikafanya kazi! Nilipofunga simu na kufungua tena, majina yote yalikuwa yamepotea. Nikauliza tena, ikaomba radhi, ikarekebisha. Wiki tatu zikaenda hivyo, mimi naomba, yenyewe inaandika. Sikusoma hata mstari mmoja, almuradi vitufe vinabonyezeka.

Siku ya mkutano nikaenda nayo kifua mbele. Mama mmoja alikuwa amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na miezi mitatu imetimia. Simu ikasema anadaiwa 231,525. Pembeni alikuwepo bibi mmoja ambaye shule hakuiona, lakini hesabu za kikoba anazo kichwani. Akahesabu kwa vidole, kisha akaniita.

"Mwanangu, elfu kumi kwa mwezi, mara tatu, ni elfu thelathini. Laki mbili na thelathini. Hii elfu moja mia tano ishirini na tano ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Kina mama wakanyamaza, na yule mkopaji akamtazama mama yangu. Ndugu msomaji, kikoba kinasimama kwa kuaminiana. Shilingi 1,525 zisizo na mwenyewe zinatosha kukivunja.

Usiku ule ndipo nilipoyasoma maelekezo yale kwa mara ya kwanza, mstari kwa mstari, naiuliza mashine kila neno lina kazi gani. Nikaukuta mstari wenyewe. Kila mwezi programu ilikuwa inaijumlisha riba kwenye deni, halafu mwezi unaofuata inatoza riba juu ya riba. Benki nyingi hufanya hivyo. Kikoba chetu hakifanyi hivyo. Riba inatozwa kwenye mkopo wa awali tu. Mashine haikuniibia. Mimi sikuiambia desturi yetu, nayo ikachukua desturi ya kwingine.

Sasa tuingie kwenye historia. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 zilikuwa saba tu nchi nzima. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine, mambo yalivurugika na fedha zikapotea, na utaalamu ulikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka huo wa 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Milango haikufunguka vizuri mpaka miaka ya 1990. Kituo cha kwanza cha televisheni Tanzania Bara kilianza kurusha matangazo mwaka 1994.

Niliposoma habari hii zamani nilicheka. Nikasema, wazee wetu waliogopa mashine! Baada ya mkutano ule sicheki tena. Wakubwa wale waliletewa majumlisho wasiyoweza kuyafuatilia, kama mimi nilivyoletewa 231,525. Mgeni aliyewaandikia alipanda ndege akaondoka. Mgeni aliyeniandikia mimi hana hata uso. Swali la bibi ndilo lililokuwa swali la nchi: hii ya ziada ni ya nani?

Lakini jibu la kufunga mlango lilikuwa na gharama yake. Vijana wa karibu miaka ishirini walikosa kuizoea mashine, na asiyeizoea ataendelea kumtegemea mgeni. Jibu lingine lilikuja baadaye. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo maelekezo yake ya ndani yalikuwa wazi kwa yeyote kuyasoma. Na M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu mwaka 2008, watu waliikubali kwa sababu kila anayetuma na kila anayepokea anapata ujumbe wake. Unaona mwenyewe.

Basi nikarudi kwa kina mama, nikaomba radhi, nikawaonyesha mstari uliokosea na namna nilivyousahihisha. Tukalipiga deni lile upya mbele ya wote: 230,000. Bibi akasema, "Sasa weka kufuli tatu." Nikaweka namba tatu za siri, kila moja na mwenyewe, na programu haifunguki mpaka zote ziingizwe.

Hapo bibi akaniuliza tena, "Na wewe uliyeitengeneza, huwezi kuingia bila namba zetu?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Naweza, bibi. Nikibadilisha maelekezo, naingia."

Wakajadiliana kwa Kiiraqw muda mrefu, mimi nimeinama. Uamuzi ukawa hivi: daftari linabaki ndilo la kuaminiwa, linalala ndani ya sanduku. Simu ni nakala, kwa ajili ya siku ya matope. Kila mkutano deni la kila mtu litasomwa kwa sauti, kwanza toka daftarini, halafu toka kwenye simu, na bibi atahesabu kwa vidole. Yakitofautiana, hakuna kuendelea mpaka sababu ijulikane.

Mpaka leo wanafanya hivyo, na mimi kila jioni nasoma mistari michache zaidi ya programu ninayoiita yangu. Nusu nimeielewa, nusu bado ni ya mgeni. Nikiimaliza ndipo nitakuwa na haki ya kusema niliitengeneza.