Anarkia: Mwaka Ambao Athens Ilikataa Kuuhesabu

Athens ya kale haikuhesabu miaka kwa namba. Kila mwaka ulichukua jina la arkoni, ofisa mkuu aliyeshika madaraka wakati huo, na uliokosa arkoni uliandikwa anarkhia, yaani ukosefu wa arkoni. Leo neno hilo linamfikisha msikilizaji moja kwa moja kwenye maduka yanayoporwa na risasi mitaani. Hata hivyo, mwaka uliovuma zaidi kwa jina hilo, 404 KK, haukupungukiwa na watawala hata kidogo. Sparta ilikuwa imeishinda Athens, na madarakani wakakaa watu 30 ambao, kwa mujibu wa Katiba ya Athens, kitabu kinachohusishwa na Aristotle, waliua watu wasiopungua 1,500. Arkoni naye alikuwepo, Pythodoros. Mwanahistoria Xenophon anaeleza kwamba Waathene walikataa kumhesabu kwa kuwa alichaguliwa chini ya utawala wa wachache, na mwaka wake wakauita anarkhia. Kwa hiyo neno hili, tangu zamani, limebeba hukumu ya anayeandika kumbukumbu kuliko habari za kilichotokea mitaani.

Msomi atanipinga: kitabu hichohicho kinataja miaka miwili ya anarkhia baada ya mtunga sheria Solon, fitina zilipozuia arkoni kupatikana, na Plato aliihusisha hali hiyo na demokrasia iliyolewa uhuru. Ni kweli, dalili ya fujo ilikuwemo mapema. Lakini demokrasia aliyoijua Plato ilikuwa na mabaraza, mahakama na sheria. Kilichomkera ni nani aliyeketi humo. Mwanafalsafa Mwingereza Hobbes, ambaye si rafiki wa waasi, aliliona jambo hili mwaka 1651 alipoandika kwamba wasioridhika na demokrasia ndio wanaoiita anarkia. Nchini Ufaransa mwaka 1793, mwanasiasa wa mapinduzi Brissot aliwashambulia mahasimu wake kwa jina la waanarkia. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamempeleka kwenye gilotini, na kwa utaratibu wote wa mahakama.

Pingamizi zito zaidi linahusu wale waliojiita waanarkia wenyewe. Mwanafikra Mfaransa Proudhon alilikumbatia jina hilo mwaka 1840, akimaanisha jamii inayojipanga bila mtawala. Baadaye watu waliojinasibisha nalo wakamuua Rais Carnot wa Ufaransa mwaka 1894, Mfalme Umberto wa Italia mwaka 1900 na Rais McKinley wa Marekani mwaka 1901. Damu hiyo ililitia neno doa lisilofutika, sikatai, ila shutuma zilikuwa zimeitangulia kwa karne nyingi. Isitoshe, sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1903 haikuishia kwa wauaji, bali ilimfungia mlango hata mtu asiyeamini tu kwamba serikali inahitajika. Mwaka huohuo alikamatwa John Turner, Mwingereza wa chama cha wafanyakazi, baada ya kuhutubia New York. Hakushtakiwa kwa bomu wala bastola, na mwaka 1904 Mahakama ya Juu iliidhinisha afukuzwe nchini.