Buni na Mpafu: Matunda ya Kale ya Ihangiro

Wasikilizaji wangu, ukiwauliza watoto wa shule habari za matunda, watakutajia papai, pera na embe. Hawakosei. Lakini papai na pera asili yake ni Amerika, na embe ilitoka pande za Bara Hindi. Miti hiyo ni wageni tuliowapokea vema. Leo nataka kunena habari za wenyeji, yaani miti iliyokuwapo katika nchi ya Ihangiro, ambayo sasa imo katika wilaya ya Muleba, kabla ya wageni hao kufika.

Wa kwanza ni mbuni. Mbuni wetu wa kale si ule wa Uhabeshi. Ni wa namna iitwayo robusta, nao ni wa asili katika misitu ya Kongo na ya pande hizi za Ziwa Viktoria. Babu zetu hawakuisaga buni wala hawakuinywa. Waliichuma ingali mbichi, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha wakaianika juani siku kadhaa hata ikakauka kabisa. Hiyo ndiyo akamwani, nayo hutafunwa. Mgeni alipofika nyumbani alitiwa akamwani kiganjani kabla ya mazungumzo. Msafiri aliichukua mkobani, kwa kuwa huondoa usingizi na kuisahaulisha njaa. Ndani yake mna kitu kiitwacho kafeini. Kuisahaulisha, nasema, maana chakula hasa si chakula.

Tena tunda moja la buni lina punje mbili zilizokaa pamoja kama pacha. Kwa hiyo watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa damu, kila mmoja alichanjwa kidogo, punje ikapakwa damu yake, na mwenzake akaimeza. Speke na Grant walipofika Karagwe kwa Mukama Rumanika mwaka 1861, desturi ya kutafuna buni ilikuwa ya zamani tayari. Wakati ule mtu wa kawaida hakuupanda mbuni apendavyo. Ulikuwa chini ya amri ya Bakama. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha boma la Wadachi pale Bukoba, na baadaye watu wakahimizwa kupanda kahawa ya kuuza, wapate fedha ya kodi. Hivyo tunda la heshima likawa tunda la biashara, na mashamba yakajaa mibuni.

Mti wa pili haukupata bahati hiyo. Ni mpafu, ambao Wahaya huuita omubafu, mti mrefu sana, wenye kufika mita 40 na kuzidi. Utomvu wake hunukia kama ubani, nao wazee waliutia katika vidonda. Matunda yake, empafu, ni ya rangi ya zambarau iliyokoza, yenye kokwa ngumu mno. Huloweshwa katika maji ya vuguvugu mpaka yalainike. Usiyachemshe, yatakuwa magumu. Nyama yake ina mafuta mengi. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu chakula chetu ni ndizi, na ndizi ina wanga mwingi lakini mafuta yake ni kidogo sana. Mtoto alaye ndizi na maharage, kisha akapata empafu, amekula vizuri kuliko yule aliyenunuliwa peremende dukani.

Mimi mwenyewe nimewakosea watoto katika jambo hili. Karibu na kibanja cha mama yangu palikuwa na mipafu miwili. Mmoja ulizaa kila mwaka. Wa pili ulitoa maua tu, na kivuli chake kiliidhuru migomba. Nikaamuru ukatwe, tukapata mbao nzuri. Miaka iliyofuata mti uliobaki ukazaa matunda machache, hata mama akauliza kama umerogwa. Baadaye nilisoma kwamba mipafu iko ya kiume na ya kike, na maua ya mti wa kike hayazai pasipo chavua ya mti wa kiume. Ule niliouita mvivu ndio uliokuwa baba wa matunda yote tuliyoyala.

Nikaloweka kokwa, nikaziotesha. Miche sita imesimama. Mpafu hauonyeshi kama ni mume au mke mpaka utoe maua, na hayo huja baada ya miaka mingi. Kwa hiyo nimeipanda yote sita, na mama ameniuliza migomba itahamia wapi.