Edna Adan: mukunga mwenye alikuwa waziri wa inchi yenye hakuna mutu aliitambua

Wandugu, mwaka wa 1961 binti mumoja alirudi kwao Hargeisa, kule kaskazini ya Somalia, na diplome zake mukononi. Alikuwa amemaliza miaka saba Uingereza akisomea kazi ya infirmière na ya ukunga, na hakuna Musomali mwengine mwenye alikuwa na diplome hizo mbili. Wakamupa kazi ku lopitali. Alifanya kazi usiku na muchana, akazalisha wamama. Lakini ku mwisho wa mwezi: bule. Mwezi wenye kufuata: bule tena. Hakuna mwanamuke mwenye alikuwa amewahi kuandikwa ku cheo kama hicho mu kazi ya serikali, kwa hiyo hawakujua watamulipa namna gani. Karibu miaka miwili ilipita hivyo.

Ninyi wenye munafundisha mukiwa NU, ao munafanya kazi ku santé bila matricule, sina lazima ya kuwaelezea.

Huyo binti anaitwa Edna Adan Ismail. Watu wengi, hata wenye kuandika, wanamuita munganga. Hapana, hakusomea ile. Munganga alikuwa baba yake, Adan Ismail, mwenye alijulikana sana mu Hargeisa wakati wa Waingereza. Edna alizaliwa 1937, na tangu utoto alikuwa anamufuata baba ku lopitali, anakata mashuka ya zamani ili wapate bandeji. Pale Hargeisa hakukuwa masomo ya wasichana. Baba akaleta mwalimu wa kufundisha wavulana kule nyumbani, na Edna akaingia kati yao. Kisha wakamutuma Djibouti, kwa Wafaransa. Kisha akapata bourse ya Uingereza, mwaka wa 1954.

Lakini kuko kitu kingine chenye kilitokea mu ile nyumba. Alipokuwa na miaka nane hivi, baba akiwa safarini, mama na nyanya yake walimuita mwanamuke wa kumukeketa, vile desturi ilikuwa. Kwa Wasomali desturi hiyo ni kali: wanakata, kisha wanashona. Baba aliporudi, aliumia sana. Edna amesema mara nyingi kama ile huzuni ya baba njo ilimuonyesha kwamba jambo lenye alifanyiwa lilikuwa baya, juu wengine wote mu nyumba waliona ni sherehe.

Aliikalia hiyo siri kwa miaka mingi, na mu ile miaka maisha yake yalipanda na kushuka. Aliolewa na Mohamed Ibrahim Egal, mwenye alikuwa waziri mukuu wa Somalia kuanzia 1967. Mwaka wa 1968 walifika ku White House, kwa rais Johnson. Mwaka wenye kufuata, tarehe 21 Oktoba 1969, jeshi la Siad Barre likakamata utawala. Bwana akatupwa mu gereza, na yeye akafungiwa mu nyumba. Ndoa haikudumu. Yeye alirudia kazi, na akapanda vyeo mu wizara ya Afya pale Mogadishu.

Njo pale, mwaka wa 1976, alisimama mbele ya watu na kusema wazi juu ya ukeketaji. Mufikirie kidogo: inchi ya Waislamu, utawala wa kijeshi, na mwanamuke anatamka mbele ya watu mambo yenye hata mama na binti yake hawakuwa wanazungumuzia. Hakusema kama mwanaharakati. Alisema kama mukunga: alieleza vile kovu linazuia mutoto kutoka, vile damu inapotea. Mimi naona nguvu yake ilikuwa hapo. Mutu anaweza kukukatalia mawazo yako, lakini ni vigumu kumukatalia mwenye alishika ule mutoto na mikono yake.

Kisha ikakuja vita. Mwaka wa 1988 ndege za Siad Barre zilibomoa Hargeisa, na zilikuwa zinaruka ku uwanja wa ndege wa Hargeisa yenyewe. Edna alikuwa ameanza kujenga lopitali yake Mogadishu. Ilipotea pamoja na vyote. Tarehe 18 Mei 1991 watu wa kaskazini wakatangaza kama wanajitenga: Somaliland. Yeye wakati ule alikuwa anatumikia OMS, mwakilishi wao mu Djibouti, mpaka pensheni, 1997.

Alikuwa na miaka 60. Aliuza vitu vyake, akaunganisha na pesa ya pensheni, akarudi Hargeisa kujenga lopitali ya wamama. Serikali ikamupa uwanja: mahali pa kutupa takataka, na mbele ya hapo wanajeshi wa Siad Barre walikuwa wanauwia watu pale. Rais mwenye alikuwa anaongoza wakati ule? Egal, bwana yake wa zamani. Tuseme ukweli, wandugu: Edna hakutoka mu chini kabisa. Baba munganga, bwana waziri mukuu, rais mwenye anakujua kwa jina. Milango hiyo wengi wetu hatuna. Lakini wako wengi wenye walikuwa na milango kama hiyo, na walijijengea villa.

Pesa iliisha mbele ya paa. Gazeti moja la New York likaandika habari yake, na Waamerika wenye hawakumujua wakatuma muchango, pamoja na Wasomali wa ugenini. Wakati fundi bado anamimina béton, yeye alikuwa amekwisha kuanza kufundisha wasichana kazi ya infirmière, juu vita ilikuwa imeua ao kufukuza wenye walijua hiyo kazi. Lopitali ilifunguliwa tarehe 9 Machi 2002.

Mwaka ule ule wakamuita mu serikali. Kwanza waziri wa mambo ya jamaa, kisha, 2003 mpaka 2006, waziri wa mambo ya inje. Na hakukuwa mwanamuke mwengine mu ile serikali mpaka karibu na mwisho. Mu ile miaka yote hakuna inchi hata moja yenye ilikuwa inatambua Somaliland. Alipanda ndege, alikutana na wakubwa, alieleza kama tarehe 26 Juni 1960 Somaliland ilipata uhuru wake peke yake, siku tano mbele ya kuungana na Somalia ya Waitaliano. Walimusikiliza vizuri. Alitoka ku cheo bila ata sahihi moja. Mu vitabu vya diplomasia, hapo unaandika: hakufaulu.

Lakini kuko kitu kidogo chenye kinanivutia kuliko wizara yote. Nyumba yake iko mule mule mu lopitali, na alikuwa analala pale hata alipokuwa waziri. Muchana anavaa vizuri na kupokea wageni wa inchi za inje, jioni anarudi kwa wamama wenye kuzaa. Alipotoka mu serikali hakuhama: hakukuwa nyumba ya serikali ya kurudisha.

Wasichana wenye alianza nao wakakuwa shule, na shule ikakuwa université, yenye inabeba jina lake. Mwaka wa 2023 walimupa zawadi ya Templeton, pesa ya kupita milioni moja ya livre ya Waingereza. Alikuwa na miaka 85. Alisema sehemu ya ile pesa itaenda ku vifaa vya lopitali.