Kibali cha Bastola New York

Mwandishi David Graham Phillips alipigwa risasi mchana kweupe jijini New York mwezi Januari 1911. Mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria iliyobeba jina la seneta Timothy Sullivan: hakuna kumiliki bastola bila kibali. Wengi hubishania ukali wa maandishi yake. Mimi naona uzito ulikuwa kwa ofisa aliyeshika kalamu ya kutoa kibali. Tangu 1913, aliyetaka kutembea na bastola iliyofichwa alidaiwa sababu ya msingi, na kuishi tu katika mtaa wenye uhalifu mwingi hakukutosha.

Watetezi wa sheria hiyo watasema karatasi peke yake haimtambui mwenye nia mbaya, hivyo lazima awepo mtu wa kuamua. Ni kweli. Lakini uamuzi usio na kipimo humpendelea anayejulikana, na asiye na jina huambulia patupu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikifuta kigezo cha sababu ya msingi Juni 2022, na jimbo likajibu haraka kwa masharti yanayohesabika: saa 16 za mafunzo darasani, saa 2 za kufyatua risasi za moto, watu 4 wa kuthibitisha mwenendo wa mwombaji, na mahojiano ya ana kwa ana. Sharti la tabia njema lilibaki, na anayeipima bado ni ofisa.