Ajali Iliyogeuka Mchezo: Historia ya Burnout 3

Leo historia yetu siyo ya wafalme wala ya mipaka. Ni ya ule mchezo wa magari unaopigiwa kelele kila jioni kwenye banda letu: Burnout 3: Takedown, wa mwaka 2004. Wengi tunaucheza vizuri kabisa lakini hatujui ulitoka wapi.

Tuanzie mbali kidogo. Michezo ya magari ilianza kwenye mashine kubwa za kutia sarafu. Atari ya Marekani ilitoa Gran Trak 10 mwaka 1974, Namco ya Japani ikaleta Pole Position mwaka 1982, halafu Sega ikatoa OutRun mwaka 1986. Yote ilikuwa na sheria moja: saa inahesabu. Ukigonga unapoteza sekunde, na sekunde zikiisha, tia sarafu nyingine. Kwa hiyo ajali ilikuwa adhabu, na adhabu hiyo ilikuwa pia biashara ya mwenye mashine. Wajanja, si ndiyo?

Mchezo ulipohamia nyumbani, sarafu ikaisha lakini adhabu ikabaki kwa mazoea tu. Kati ya waliovunja mazoea hayo ni Criterion, wa mji wa Guildford, Uingereza. Burnout ya kwanza ilitoka 2001. Humo tayari ukiendesha kwa hatari, upande wa magari yanayokuja, ulikuwa unajaziwa ile nguvu ya kukimbia zaidi tunayoita busti. Ya pili, 2002, ikaleta sehemu ya ajali tupu: unarusha gari kwenye makutano, halafu unahesabiwa hasara kwa dola. Hasara kubwa, ushindi mkubwa!

Ya tatu ndiyo ikamaliza kazi. Ukimsukuma mpinzani ukutani, busti yako inaongezeka. Na hata wewe ukigonga, haijaisha: unabonyeza kitufe, muda unaenda polepole, unalielekeza gari lako lililopondeka mbele ya anayekufuata, naye anaingia mzima mzima. Kwa maoni yetu ufundi wote uko hapo. Aliyeanguka bado ana kazi ya kufanya.

Ulifikaje hapa Nakivale? PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 dunia nzima, na mwaka 2013 Sony ikaacha kuzitengeneza. Zile zilizochokwa na watu wa mijini ndizo zinatufikia sisi. Kwetu zinafaa juu hazidai intaneti, na skrini moja inagawanywa kwa watu wawili. Betri ya sola ikijaa, jioni imepatikana.

Sasa shida. Kwenye kikao kilichopita papa mmoja, mtu tunayemheshimu sana, aliomba mchezo huu utolewe bandani. Alituuliza: ninyi mliokimbia juu ya lori, mkapita magari yaliyochomwa barabarani, mnachekaje ajali? Kukawa kimya.

Tumelifikiria swali lake. Barabara za Burnout 3 hazina mtu hata mmoja anayetembea kwa miguu. Hakuna damu, hakuna silaha. Chuma kinagonga chuma, na baada ya sekunde chache gari liko njiani tena, zima. Kule tulikotoka, lililopinduka lilibaki pale pale na watu wake. Tofauti hiyo tunaijua, hakuna haja ya kufundishwa. Kuna wadogo zetu wawili watatu ambao wanatoka nje sauti ya kugongana ikianza, na kwa ajili yao tunakubali sauti izimwe, hata saa zingine mchezo ubadilishwe. Ila kuutoa kabisa, hapana.

Kikao ni Jumamosi saa tisa. Papa tumemwalika aje saa nane, acheze raundi moja kwanza. Mwenye padi nzima atuazime, juu ile yetu ya pili kitufe cha kukimbizia gari kimekwama, na mgeni hawezi kupewa hiyo.